Nani Amemvika Mfalme?

Neno "regulo", ambalo sisi wa Mocímboa da Praia twalitumia kila siku kwa mkuu wa kienyeji, ni neno la Kireno, na maana yake hasa ni mfalme mdogo. Wamakua humwita mkuu wao mwene, na watu wa pwani walizoea kusema mwinyi; lakini mbele ya Serikali jina lake ni regulo, naye hujulikana kwa sare yake yenye nembo ya Jamhuri. Wadogo zetu wengine hapa shuleni hucheka wakimwona, kwa kuwa wao wadhani mfalme ni mtu wa taji na joho la zari, kama katika picha za vitabu. Makala haya nimeyaandika kwa ajili yao. Ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule watanivumilia nikisema wanayoyajua.

Ninalotaka kulieleza ni hili: vazi la mtawala si pambo tu, ni tangazo. Zamani, ambapo hapakuwa na gazeti wala redio, watu elfu waliokusanyika uwanjani hawakuweza wote kusikia sauti ya mfalme, lakini wote waliweza kumwona. Basi nguo ilisema kwa niaba yake. Hata leo mtu akisimama saa moja tu bandarini kwetu atamjua askari wa forodha, nahodha, mchukuzi na mwalimu wa Kurani kabla hata mmoja wao hajafungua kinywa. Lugha hiyo ina sarufi yake, na kwa maoni yangu atakaye kuisoma aulize mambo mawili: nani amemvika mtu huyu, na nani amekatazwa kuvaa kama yeye?

Tuanze na kisa kilichotokea kusini kwetu, katika Kisiwa cha Msumbiji, mwezi wa Machi mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga huko. Mmoja wa watu wa safari ile aliandika daftari la habari, nalo limehifadhiwa mpaka leo. Asema kwamba wenyeji walikuwa Waislamu, wamevaa nguo nyembamba za kitani na pamba zenye milia ya rangi nyingi, na vichwani wamefunga vilemba vyenye upindo wa hariri uliotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Mkuu wa mahali pale alipokuja kuwatazama wageni, da Gama alimpa kofia, mavazi, marijani na vitu vingine vingi. Mkuu yule akavidharau vyote, akataka kitambaa chekundu cha thamani. Wareno hawakuwa nacho.

Kitambaa cha namna hiyo wazee wetu wangekiita joho, kwani joho lilikuwa jina la kitambaa chenyewe cha sufu kabla ya kuwa jina la vazi. Mwandishi wa daftari amesema kwamba mkuu yule alikuwa na kiburi, na wengi waliosoma habari hiyo baada yake wamerudia neno hilo hilo. Mimi sikubaliani nao. Fikiri mwenyewe, msomaji: watu wake walikuwa na nyuzi za dhahabu vichwani, na wote walikuwa wakimtazama. Kama angalirudi pwani amevaa kofia ya baharia, nguo ile ingalitangaza mambo mawili kwa pamoja, kwamba sasa yeye ni mtu wa wageni wale, na kwamba amenunuliwa rahisi. Kukataa kwake kulikuwa jibu la kiserikali. Kuomba joho jekundu kulikuwa njia ya kusema, "Kama mwataka kunivika, nivikeni kwa kadiri yangu."

Mwezi uliofuata merikebu zile zilifika Malindi, na huko twamwona mfalme aliyejua kutumia nguo kuliko wote. Alikuja kukutana na da Gama amevaa joho la hariri ya thamani lenye mapambo ya atlasi ya kijani, na kilemba kizuri kichwani. Alikuwa amekalia viti viwili vya shaba vyenye mito, na juu yake mwavuli wa mviringo wa atlasi nyekundu uliofungwa katika mti. Mzee mmoja alimshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Wapiga panda walikuwako wengi, na pamoja nao siwa mbili za pembe ya ndovu, ndefu kama kimo cha mtu, zilizonakshiwa vizuri. Mfalme huyu hakuvaa hivyo kwa kuwapendeza Wareno tu. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na habari za mkutano ule zingefika Mombasa upesi sana. Ujumbe ulikuwa kwamba Malindi amepata rafiki mwenye mizinga, lakini amempokea kama mfalme apokeavyo mgeni, si kama mnyonge apokeavyo bwana wake.

(Da Gama mwenyewe alikuja kufundishwa somo hilo kwa aibu. Mwezi wa Mei mwaka ule ule alifika Calicut katika Bara Hindi, akaandaa zawadi za vitambaa vya milia, kofia, marijani, mabeseni, sukari, mafuta na asali. Watu wa mfalme walipoziona walicheka, wakasema kwamba hata mfanyabiashara maskini kuliko wote atokaye Makka hutoa zaidi ya hizo.)

Sasa tazama kilichotokea Kilwa miaka saba baadaye. Mwezi wa Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida alifika na merikebu nyingi na askari. Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala, alikimbia. Mji ukatekwa, na Almeida akamweka mahali pake Mohamed Ankoni, mtu mwenye mali aliyewaelekea Wareno. Akavikwa taji la dhahabu mbele ya watu. Lakini taji lile halikutengenezwa kwa ajili yake. Wareno walikuwa wamelichukua kutoka kwao ili wampelekee mfalme wa Cochin, huko Bara Hindi, wakaliazima njiani kwa shughuli hii. Katika historia yote ya pwani yetu sijui jambo linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja kama hili. Watu wa Kilwa walijua vizuri namna ya kumtawaza mtu wao. Mfalme wa Waswahili alijulikana kwa kilemba, kiti, mwavuli na siwa. Aliyetokea mbele yao amevaa taji la kigeni alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba enzi yake haikutoka kwao. Haukupita muda mrefu akauawa, na mwaka 1512 Wareno wenyewe wakaiacha Kilwa.

Lugha yetu yenyewe yahifadhi jambo hili. Kumvika mtu kilemba ni kumpa cheo. Kilemba pia ni malipo apewayo fundi mwanafunzi wake akihitimu, na ni fungu la baba binti yake akiolewa. Yaani kitambaa kile kimekuwa jina la heshima itolewayo na mmoja kwa mwingine. Na mtu asifiwaye sifa za uongo, Waswahili husema amevikwa kilemba cha ukoka, maana ukoka ni majani tu, hunyauka jua likipanda. Mohamed Ankoni kilemba chake kilikuwa cha dhahabu, lakini naona kilinyauka kama cha ukoka.

Si lazima mvikaji awe mgeni. Ronald Mutebi alipotawazwa kuwa Kabaka wa Buganda tarehe 31 Julai 1993, huko Naggalabi, alivikwa vazi la gome la mti wa mutuba, ambalo mafundi wa Kiganda hulitengeneza kwa kuligonga kwa nyundo za mti mpaka lilainike. Ufalme huo ulikuwa umefutwa kwa zaidi ya miaka 25. Kabaka angeweza kuvaa hariri ya nchi yo yote duniani. Gome lilisema kwamba amerudishwa na nchi yake mwenyewe. Na sisi wa shule za misheni tusisahau kwamba hata katika Kanisa mambo ni hivyo hivyo: Alexandre dos Santos, Askofu Mkuu wa Maputo na Mmsumbiji wa kwanza kuwa kardinali, alivikwa kofia nyekundu na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1988. Hakuna kardinali ajivikaye mwenyewe.

Nije katika swali la pili, la nani amekatazwa. Hapa mwalimu wetu ni Unguja. Masultani wa ukoo wa Busaidi walikuwa na kilemba chao cha rangi nyingi, chenye namna yake ya kufungwa, na mtu asiye wa ukoo huo hakukifunga. Walipopinduliwa tarehe 12 Januari 1964 kilemba hicho kiliondoka Unguja, lakini hakikufa. Huko Oman, ambako ndugu zao wanatawala, ukitazama picha ya Sultan Haitham, aliyeshika kiti mwezi wa Januari mwaka 2020, utakiona. Waomani wengine pia hufunga vilemba na kuvaa majambia siku za sherehe, wala hawakatazwi. Ni ile namna moja tu iliyowekwa kando. Kwa hiyo Mwomani akiona picha hahitaji kuambiwa yupi ni wa nyumba ya enzi.

Lakini desturi ya kukataza haikukomea kwa vilemba vya wafalme. Ilishuka ngazi kwa ngazi mpaka chini kabisa. Unguja ya karne ya 19 mtumwa mwanamume hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya mabwana. Nguo yake ilikuwa kipande cha merikani, kitambaa kizito kisichotiwa rangi kilicholetwa na merikebu za Marekani. Mtumwa mwanamke alivaa kaniki, ambayo ni merikani iliyotiwa rangi ya nili. Mabibi wa nyumba kubwa walivaa barakoa usoni, nayo ilikuwa mwiko kwa mtumwa. Basi mtu aliyepita njiani alisomwa kuanzia kichwani mpaka miguuni: kichwa wazi na miguu mitupu ni mtumwa, kofia, kanzu na makubadhi ni mwungwana.

Utumwa ulipoondolewa kwa sheria huko Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa walifanya nini na uhuru wao? Wengi hawakuwa na shamba wala fedha. Lakini wanaume walivaa kanzu na kofia, na wanawake waliiacha kaniki wakavaa kanga za rangi na maua, na baadaye buibui. Wapo waliowalaumu kwamba wanapoteza fedha kwa mapambo. Nadhani walaumu hao hawakuwa wamejua kusoma. Mtu aliyekatazwa kufunika kichwa tangu kuzaliwa, akipita sokoni na kofia, ametoa tangazo ambalo Serikali haikuweza kulitoa vizuri kuliko yeye.

Kwetu Msumbiji sheria ya namna hiyo ilikuja kwa sura nyingine. Chini ya Wareno, mpaka mwaka 1961, wenyeji wengi walihesabiwa kuwa "indígena", watu wasio na haki za uraia. Mtu aliyetaka kuhesabiwa "assimilado" ilimpasa aonyeshe kwamba ajua Kireno na kwamba aishi kwa desturi za Kizungu, na mavazi ni katika desturi hizo. Kwa hiyo jozi moja ya viatu haikuwa kitu kidogo. Wazee wakisema kwamba fulani alikuwa "mtu wa viatu", hawasemi juu ya ngozi na misumari.

Katika utawala huo huo ndipo regulo alipopewa sare. Alikusanya kodi, alitoa watu wa kazi za kulazimishwa, na tangu mwaka 1938 hapa kaskazini alisimamia kilimo cha pamba ambacho watu walilazimishwa kukilima, mpaka kilipoondolewa mwaka 1961. Mkulima alilima pamba asiyoitaka na kuiuza kwa bei asiyoipanga, na anayemsimamia alikuwa mtu wa ukoo wake mwenyewe, mwene wake, amevaa nguo ya Serikali. Je, watu walisoma nini katika sare ile? Walisoma kama watu wa Kilwa walivyosoma taji la Mohamed Ankoni. Hata hivyo wako wakuu waliokuwa na mavazi mawili kwa kweli: sare kwa siku ya kumpokea mtawala wa wilaya, na kanzu na kofia, au kitambaa cha ukoo, kwa siku ya kuomba mvua au kuamua shauri la urithi. Walivua moja na kuvaa jingine, na kila mtu kijijini alijua sasa anasema nani.

Baada ya Uhuru, tarehe 25 Juni 1975, Serikali mpya iliondoa cheo cha regulo, ikisema kwamba walikuwa mikono ya ukoloni. Miaka 25 ikapita. Kisha tarehe 20 Juni 2000 ikatoka amri ya Serikali nambari 15/2000, ambayo iliwatambua wakuu wa jadi pamoja na makatibu wa mitaa na vijiji, ikawapa haki ya kutumia alama za Jamhuri na kuwa na sare au alama yao ya kuwatambulisha, na malipo kidogo, na kazi nyingi. Watu wengine walisema kwamba Wareno wamerudi kwa mlango wa nyuma. Wengine walifurahi kwamba wazee wao wamekumbukwa. Mimi naona nembo imebadilika, nalo si jambo dogo. Lakini swali la nani amemvika liko pale pale, na jibu lake ni mwenye bohari la nguo.

Lugha ya mavazi ina hatari zake. Moja ni kusoma lisiloandikwa. Tarehe 21 Juni 2017 Malkia Elizabeth wa Uingereza alikwenda kufungua Bunge amevaa kofia ya buluu yenye maua ya manjano katikati. Nchi yake ilikuwa katika mashauri ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ambao bendera yake ni ya buluu yenye nyota za manjano, na siku ile ile dunia nzima ikasema kwamba Malkia ametoa maoni yake kwa kofia. Baadaye mshoni wake alieleza kwamba ilitokea tu. Labda. Lakini Malkia huyu ndiye aliyetawazwa mwaka 1953 katika gauni lililotariziwa maua ya nchi zake zote, kila nchi na ua lake. Mtu aliyewazoeza watu kusoma nguo zake kwa miaka 64 hawezi kuwashangaa wakisoma na kofia.

Hatari nyingine ni vazi kusema uongo, na hiyo twaijua sisi kuliko Waingereza. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya mji wetu vilishambuliwa, na vita vikaanza. Mwezi wa Agosti mwaka 2020 mji na bandari vilitekwa, mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipovikomboa tarehe 8 Agosti 2021. Katika miaka ile, mara kadhaa washambuliaji walionekana katika Cabo Delgado wamevaa sare za jeshi la Serikali. Mtu aliyeona sare inakuja njiani hakujua asimame au akimbie, na wapo waliosimama. Viongozi wa vijiji nao walikuwa wakitafutwa na kuuawa, kwa hiyo nguo ya heshima iligeuka kuwa hukumu.

Babu mmoja wa ukoo wa mama yangu ni mkuu wa kijiji. Alipokimbia mwaka 2020 aliifunga sare yake katika mfuko wa plastiki, akaizika nyuma ya jiko, akapanda mashua kwenda Pemba amevaa kikoi na kofia ya kushona kwa mkono. Katika makao ya wakimbizi watu wake waliendelea kumpelekea mashauri yao, la mke na mume, la mkopo wa unga, naye akayaamua akiwa na kofia ile ile, bila nembo yo yote. Aliporudi nyumbani akafukua mfuko wake; mchwa walikuwa wamekula mkono mmoja wa koti na mgongo wote.

Nilidhani hatajali. Lakini siku ya Uhuru ilipokaribia alikwenda kijiji cha jirani kwa mkuu mwenzake aliyekuwa mgonjwa, akaazima sare yake. Yule ni mtu mkubwa wa mwili. Babu alikunja mikono ya koti mara mbili, na mkanda aliutoboa tundu jipya. Nikamwuliza, "Babu, kwa nini usivae kofia yako na kanzu? Watu wote wakujua." Akanijibu, "Mjukuu wangu, wanijuao ni hawa wa hapa. Mgeni wa leo akiniona na kanzu atanipa shikamoo na kiti kivulini. Akiniona na koti hili atanipa sikio, nami nina shauri la kisima."

Kisima cha kijiji kile kiliharibika wakati wa vita, na wanawake walikuwa wakiteka maji mbali sana. Nilimwona babu akisimama katika safu ya wakuu, mikono ya koti imeanza kukunjuka na kumfika vidoleni. Zamu yake ilipofika akasema juu ya kisima, na karani wa mgeni akatoa kalamu, akaandika jina la kijiji.